Habari za Bwana Sakarani, au Jinsi ya Kumfuata Mtu Katika Karatasi za Serikali

Wasomaji wangu, mara nyingi watu huniuliza swali hili: "Mwalimu, babu yangu alikuwa askari wa Wadachi," au mwingine husema alikuwa jumbe, au karani wa boma, "nami nataka kujua alifanya kazi gani, wapi, na miaka mingapi. Nitazipataje habari zake?" Swali ni jema, walakini jibu lake si fupi. Nimeona afadhali nilijibu kwa mfano wa mtu mmoja, nasi tumfuate hatua kwa hatua, tuone nyayo zake zaonekana wapi na zapotea wapi.

Mtu huyo si babu wa yeyote katika Uhehe. Ni yule kapiteni aliyeujenga mji wa Iringa mwaka 1896, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Tom Prince. Askari walimwita Bwana Sakarani, maana yake mlevi. Si kwa sababu ya pombe, bali walisema kwamba vita vikianza bwana huyu huwa kama mtu aliyelewa. Nimemchagua kwa sababu alikaa katika kazi ya Serikali yapata miaka kumi tu, hata hivyo ameacha karatasi nyingi sana. Tena katika karatasi hizo hizo wamo watu wetu, ambao hawakuandika hata neno moja.

Basi tuanze na kuzaliwa kwake. Mtu angedhani kuwa aulize Ujerumani. Kumbe Tom Prince alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Mauritius, katika bahari hii hii yetu ya Hindi. Kisiwa hicho kilikuwa cha Wafaransa mpaka mwaka 1810, Waingereza wakakitwaa, lakini wenyeji hawakuiacha lugha ya Kifaransa. Baba yake Prince alikuwa Mwingereza mwenye kazi ya polisi, na mama yake Mjerumani. Akalelewa Ujerumani, akawa askari wa Kaisari. Angalieni jambo hili: baba Mwingereza, kisiwa cha Kifaransa, jeshi la Kijerumani, na kazi ya Afrika. Mwenye kutafuta habari za mtu hana budi kwenda na mtu mwenyewe alikokwenda, si kukaa katika nchi moja na kusema "hayumo."

Wafaransa ni hodari katika kazi hii. Kwao ni desturi ya siku nyingi kwamba kila afisa wa jeshi la majini huwekewa jalada lake, na ndani yake huandikwa cheo alichopata, meli alizopanda, ruhusa alizopewa na nishani alizovikwa. Mjukuu wake akija baada ya miaka mia huweza kulifungua. Mmoja wa maafisa hao, Victor Giraud, alipita Uhehe mwaka 1883, kabla Mjerumani hajatia mguu huko, akapiga chapa kitabu cha safari yake Paris mwaka 1890. Hicho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Ulaya kueleza nchi ya Wahehe kwa macho ya mtu aliyefika. Nasikitika kwamba wachache sana katika sisi tusomao Kiswahili tumekishika mkononi.

Jalada la namna hiyo la Prince lilipaswa kuwa Potsdam, karibu na Berlin, ndipo jeshi la Prussia lilipoweka karatasi zake. Lakini mwezi wa Aprili 1945 ndege za Waingereza ziliupiga mji ule kwa mabomu, ikateketea sehemu kubwa sana ya karatasi za jeshi. Kwa hiyo mtu wa leo hapati safu moja iliyopangwa vizuri tangu cheo cha kwanza mpaka cha mwisho. Hana budi kuokota vipande. Kipande cha kwanza ni gazeti la Serikali lililoitwa Deutsches Kolonialblatt, lililoanza mwaka 1890, ambamo zilipigwa chapa habari za maafisa waliopandishwa cheo au kuhamishwa, pamoja na taarifa za vita. Cha pili ni majalada ya wizara ya makoloni, yaliyopo hata sasa katika hazina ya karatasi za Serikali mjini Berlin. Cha tatu ni majalada ya Kijerumani yaliyobaki hapa petu, katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Hayo ni mabaki tu, maana vita vya 1914 mpaka 1918 vilipoteza mengi. Vilipofika nyanda zetu mwaka 1916, Waingereza wakaingia Tukuyu na kisha Iringa, Wajerumani wakaondoka mbio, na mtu aondokaye mbio habebi makabati. Kipande cha nne ni vitabu: kimoja chake mwenyewe, kimoja cha mkewe.

Sasa nitaje mitego, kwa sababu wengi hunasa hapa na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mtego wa kwanza ni jina. Prince alipokwisha kuacha jeshi Kaisari alimpa heshima ya ukabaila, akaitwa von Prince. Basi atafutaye "von Prince" katika karatasi za 1894 hatamwona, na atafutaye "Prince" katika karatasi za 1914 huenda akampita. Kadhalika Mkwawa katika karatasi za Wajerumani huandikwa "Quawa," na Kalenga huandikwa "Kuirenga." Mtoto wa shule atacheka, lakini aliyeandika alikuwa akisikia kwa masikio yake ya kigeni na kuandika kwa herufi za kwao. Mtego wa pili ni mahali. Watu wa Mbeya husema, "Babu alifanya kazi Mbeya wakati wa Wadachi." Mji wa Mbeya haukuwapo wakati huo, ulianza katika miaka ya 1920, watu walipokimbilia dhahabu ya Lupa. Atafute katika wilaya ya Langenburg, ambayo boma lake lilikuwa Tukuyu, nao waliliita Langenburg Mpya. Mtego wa tatu ni mwandiko. Makarani wa Kijerumani wa zamani waliandika kwa mkono wa namna nyingine kabisa, hata Mjerumani wa leo hawezi kuusoma asipofundishwa.

Mtu akiijua mitego hiyo, kazi ya Prince yafuatika hivi. Alifika pwani yetu mwaka 1890. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimwita Nyundo, liliangamizwa na Wahehe huko Lugalo. Wazungu 10 wakafa, na Zelewski mwenyewe, na askari mamia. Kwa ajili ya siku ile Wajerumani waliweka kisasi moyoni, na kazi yote ya Prince katika nyanda zetu ilitoka katika kisasi hicho. Lakini kwanza alipelekwa Unyanyembe. Mwezi wa Januari 1893 alivunja boma la Mtemi Isike huko Tabora. Isike akalipua ghala yake ya baruti kuliko kukamatwa mzima. Habari hiyo ilimpa Prince sifa kubwa kwao. Tarehe 30 Oktoba 1894 alikuwamo katika jeshi la Gavana von Schele lililoivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akatoka, akaingia porini.

Hapo kitabu cha Prince mwenyewe kinakoma. Kilipigwa chapa Berlin mwaka 1914, nacho chaeleza miaka ya uluteni wake, 1890 mpaka 1895. Mwaka 1896, alipokuwa mkubwa wa nchi ya Uhehe, haumo. Twaweza kusema kwamba alitaka kueleza ujana wake tu, wala si vibaya. Lakini mimi naona neno moja: katika vita ya kupiga boma mtu huonekana shujaa kwa urahisi, na katika kazi ya kutawala nchi iliyoshindwa huonekana kwa namna nyingine. Miaka ile ya pili twaipata kwa mkewe, Bibi Magdalene, aliyekuja naye Iringa mwaka 1896, akapiga chapa habari za maisha yake mwaka 1903. Tena twaipata katika taarifa za Serikali.

Hapa ndipo yalipo mambo ya Mpangile, nami naomba msomaji asipite upesi.

Mpangile alikuwa ndugu yake Mkwawa. Wajerumani walipoona kwamba hawawezi kumkamata Mkwawa, walifikiri kuwapa Wahehe mtawala mwingine wa ukoo ule ule, ili watu wamwache yule wa porini. Mpangile alikuwa amekwisha kujitoa kwao. Mwezi wa Desemba 1896 Prince akamtawaza mbele ya watu kuwa mkubwa wa Wahehe. Mwezi wa Februari 1897, hata siku mia hazijapita, Mpangile alinyongwa. Neno aliloshtakiwa ni kwamba alikuwa akimsaidia ndugu yake kwa siri.

Je, ilikuwa kweli? Mwanafunzi asomaye karatasi atakuta kwamba aliyemtawaza Mpangile, na aliyemshtaki, na aliyetuma taarifa ya mauti yake kwa Gavana, ni boma moja. Karatasi zilizokwenda Dar es Salaam na Berlin zatoka katika kalamu za upande mmoja. Maneno ya Mpangile mwenyewe hayamo, isipokuwa yale ambayo waliomwua walichagua kuyaandika. Wahehe wengi walishika kwamba alikufa bila hatia. Mimi siwezi kuwa hakimu baada ya miaka mingi hivi. Lakini najua shuleni tungefanya nini kama mwalimu mmoja angekuwa mtoa hesabu, na msahihishaji, na mwenye daftari la maksi. Tungesema hesabu hiyo haijasahihishwa. Vivyo hivyo taarifa ya Iringa ya 1897 ni taarifa tu, haijawa hukumu, hata ikiwa ina muhuri. Jalada laweza kutwambia kwa yakini siku, na mahali, na cheo, na idadi ya risasi zilizotumika. Kuhusu moyo wa mtu aliyenyongwa, jalada ni shahidi mmoja tu, tena shahidi mwenye haja yake.

Kwa hiyo usiyadharau maneno ya wazee, wala usiyapokee yote kama maji ya kisima. Yaweke kando ya karatasi. Mahali yanapopatana, shika. Mahali yanapopingana, andika yote mawili na jina la aliyekuambia.

Baada ya Mpangile, Wajerumani waliutia moto na njaa mkoa mzima wakimwinda Mkwawa. Zawadi ya rupia 5,000 iliwekwa kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe. Aliyemkuta ni askari wa Kijerumani jina lake Merkl. Kichwa kikakatwa, kikaletwa Iringa.

Tena kichwa hicho nacho kina safari yake katika karatasi, na safari hiyo yapita Ufaransa. Vita vya kwanza vilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa mkubwa wa Waingereza katika nchi hii, aliandika kwao mwaka 1918 kushauri kwamba kichwa cha Mkwawa kirudishwe kwa Wahehe. Shauri likakubaliwa, likaingia katika mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi Versailles, karibu na Paris, tarehe 28 Juni 1919. Kifungu cha 246, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, chawaamuru Wajerumani wakitoe kichwa cha Sultani Mkwawa katika miezi sita. Fikirini: katika kitabu kile cha mipaka ya mataifa, na manowari, na mamilioni ya fedha, limo jina la mtu wa Kalenga. Lakini amri ya karatasi ni jambo moja na kupatikana kwa kitu ni jingine. Wajerumani wakajibu kwamba hawana habari nacho, na neno likalala.

Likaamshwa na Gavana Edward Twining. Mwaka 1953 alikwenda katika makumbusho ya Bremen, yenye mafuvu yapata 2,000 yaliyokusanywa pande zote za dunia. Yaliyotoka Afrika ya Mashariki yakatengwa, yakapimwa, na vipimo vikalinganishwa na vichwa vya jamaa zake Mkwawa; likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, na hata leo limewekwa huko katika nyumba ya makumbusho. Wapo wataalamu wenye shaka kama ndilo lenyewe, maana halikutambuliwa kwa hati bali kwa kipimo. Wahehe walilipokea kwa heshima, na mwenye kwenda Kalenga ataliona.

Turudi kwa Prince. Mwaka 1900 aliacha kazi ya Serikali, akaenda Usambara kuwa mkulima, na shamba lake akaliita kwa jina walilompa askari. Vita vya 1914 vilipotokea akarudi jeshini, akauawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914. Kwa hiyo aliyezaliwa katika kisiwa cha Waingereza, mwana wa Mwingereza, alikufa katika kupigana na jeshi la Waingereza. Jina la Sakharani lingaliko huko Lushoto, nalo ni shamba la watawa wa Mtakatifu Benedikto, ambao hutengeneza divai. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwa wajuao maana ya neno lenyewe.

Haya, huyo ni kapiteni, mtu mwenye cheo. Askari waliokuwa nyuma yake je? Kwao njia ni nyembamba. Wengi wao walikuwa Wasudani, na Wanyamwezi, na Wasukuma, na watu wa Msumbiji, wakaandikwa kwa jina moja tu bila jina la baba. Katika kampani moja huenda wakawapo wawili watatu wa jina moja. Wapagazi walihesabiwa kama mizigo: mia moja, mia mbili. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 Wajerumani wa Magharibi walipotaka kuwalipa askari wao wa zamani, wazee wengi walikuja Mwanza bila cheti chochote. Basi bwana wa benki akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani kama askari kwenye gwaride, wala hapana mmoja aliyekosea. Mikono yao ilikuwa ndiyo cheti.

Walioshika kazi baada ya hapo ni rahisi zaidi kuwafuata. Maofisa wa Kiingereza katika kila boma waliandika kitabu kikubwa cha wilaya, cha Iringa, cha Rungwe, cha Mbeya na penginepo, na ndani yake waliweka majina ya machifu na majumbe, nasaba zao, mipaka, na habari walizosimuliwa na wazee. Sapi, mwana wa Mkwawa, alipowekwa kuwa chifu mwaka 1926, karatasi zake ni nyingi. Mwanawe Adam Sapi alirithi mwaka 1940, na tangu 1962 akawa Spika wa Bunge, akashika kiti hicho mpaka 1973, kisha tena tangu 1975 hadi 1994. Kazi yake ya Serikali imepigwa chapa siku kwa siku katika taarifa za majadiliano ya Bunge. Tazama ukoo mmoja: babu yumo katika karatasi za adui zake, baba katika daftari la Bwana Shauri, na mjukuu amesema kwa kinywa chake na maneno yake yakaandikwa.

Sasa, wewe utakaye kuanza, usisafiri kabla hujaandika nyumbani. Waulize wazee majina yote ya babu: la utotoni, la ubatizo au la Kiislamu, la utani, na lile ambalo Mzungu alilikosea. Andika jina la baba yake na la jumbe wa kijiji. Uliza Bwana wa boma aliitwaje, maana jina kama Sakarani laweza kukufikisha kwenye jina la kweli. Wazee wakisema hawajui mwaka, usiulize mwaka. Uliza kama ilikuwa kabla ya ng'ombe kufa kwa sotoka, mwanzoni mwa miaka ya 1890, au wakati wa kuvunjwa Kalenga, au wakati wa yale mafua makubwa ya 1918. Kisha uandike barua kwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uweke humo majina, boma, na kadirio la miaka, kwa mwandiko unaosomeka. Mwenye majina matatu, boma moja na mwaka wa karibu, karani ana pa kuanzia kumtafutia.